Bei ya korosho, hadhi ya mtoto: mitazamo mitano ya kujithamini kwa mwalimu anayetaka kuchagua

Siku ya kufunga shule, mwezi Juni, nilisimama chini ya mwembe nikiwa na karatasi nne zilizobanwa pini. Nilikuwa mwalimu wa darasa, kidato cha kwanza, katika shule ya kata huku juu kwenye uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Wazazi walikaa kwenye madawati tuliyoyatoa nje, wanafunzi wamejipanga mistari. Nikaanza kusoma nafasi. Wa kwanza akapigiwa makofi ya kilo. Wa pili, makofi. Wa tatu, makofi. Nilipofika arobaini makofi yalikuwa yamekwisha na vicheko vimeanza. Wa 58 kati ya 58 alikuwa kijana mrefu aliyefunga mikono nyuma kama askari. Mama yake alikaa mstari wa mbele. Alivuta upindo wa kanga akajiziba mdomo, na hakuwa anacheka.

Januari iliyofuata mkuu wa shule akaleta hoja kikaoni: tufanye nini ili wanafunzi wetu wajithamini? Ndani ya dakika kumi tulikuwa na majibu manne yanayogombana. Mwalimu wa Kiingereza alitaka tuchore maneno ya kutia moyo kwenye kuta na tuwasifu watoto zaidi. Mwalimu wa Uraia akasema matusi yaishe kwanza, mengine baadaye. Mwalimu wa Fizikia akasema wafaulu, kujithamini kutakuja kwenyewe. Mzee wetu wa Historia, ambaye kila mwaka tunaambiwa anastaafu, akacheka: "Vijana wangu, hawa wangechezwa jandoni na unyagoni sawasawa, leo tusingekuwa na kikao."

Nikapewa kazi ya kuandika kurasa mbili za kulinganisha hoja hizo. Zilinizidi, maana kila nilipochimba nilikuta nyuma ya kila mwalimu amesimama mwanafalsafa ambaye mwalimu mwenyewe hamjui. Na mmoja ambaye kikaoni hakuwa na msemaji, Aristotle, nimemwongeza mimi. Naziweka hapa kwa mwalimu, mzazi au mjumbe wa bodi ya shule aliyekwama palepale tulipokwama sisi.

Kwanza maneno yetu

Mtaani tuna kujiamini, kujikubali, kujithamini na kujiheshimu. Upande wa pili tuna kujiona, kujikweza na kujisikia. Ukimwambia mtu wa Masasi kwamba jirani yake anajisikia, hujamsifu jirani. Kwa hiyo anayekuja na semina ya kuwafundisha watoto "kujisikia vizuri" ajue ameingia kwenye lugha iliyokwisha kulitilia shaka jambo lake.

Linalochanganya zaidi ni kujiheshimu. Tukisema binti fulani anajiheshimu tunamaanisha anavaa vizuri na haonekani vichochoroni usiku. Yaani heshima yake imewekwa amana machoni petu sisi tunaomtazama. Wanafalsafa nitakaowataja wanatafuta kitu kinachobaki hata watazamaji wote wakigeuza shingo. Na kujithamini kuna thamani ndani yake, ambayo huku kwetu ni neno la mnadani. Nitarudi hapo.

"Wafaulu kwanza"

Mwalimu wa Fizikia alikuwa na William James begani. Mmarekani huyu, kwenye kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha mwaka 1890, alikuandika kujithamini kama sehemu za darasa la nne: juu kwenye kiasi kuna mafanikio yako, chini kwenye asili kuna yale unayojidai kuyaweza. Gawanya. Alijitolea mfano yeye mwenyewe: kwa kuwa alikuwa ameiweka roho yake yote kwenye saikolojia, angeumia kukuta wengine wanaijua kumzidi, lakini kutojua Kigiriki hakukumnyima usingizi. Akaongeza kwamba mtu anaweza kuwa bondia wa pili duniani na akafa kwa aibu, kisa yupo mmoja anayemshinda.

Ubora wa mtazamo huu ni kwamba hauna porojo. Jumatatu asubuhi mwalimu anajua la kufanya: afundishe, kiasi kipande. Utafiti nao haumpingi. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia lundo la tafiti wakakuta kwamba kujithamini sana hakuleti alama nzuri. Kwa sehemu, alama nzuri ndizo zinazotangulia na kujithamini kukafuata.

Tatizo liko kwenye hesabu yenyewe. Sehemu inakua kwa njia mbili. Unaweza kupandisha kiasi, ambako ni jasho, au ukashusha asili, ambako ni bure. Yule kijana mrefu alichagua njia ya bure. Mwezi Agosti nilimuuliza kuhusu daftari la hesabu akanijibu kwa utulivu kabisa, "Hizo nimewaachia wenyewe, mwalimu." Baada ya hesabu ikafuata Fizikia, kisha Kiingereza. Korosho zilipoanza kudondoka hakuonekana wiki sita, na aliporudi alikuwa na simu ya kupangusa na uso uliochangamka. Kwa hesabu za James alikuwa amelipatia swali: ameacha kutaka, basi hakuna kinachomuuma. James mwenyewe aliiona nafuu hiyo. Aliandika jinsi siku ile tunapoacha kuhangaika kuwa vijana au wembamba inavyokuwa tamu. Kwa mtu wa miaka hamsini, sawa. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne anayeiaga aljebra, tena katika muhula ambao shule haikuwa na mwalimu wa hesabu, hiyo nafuu inatisha.

Kwa hiyo mtazamo huu unamfaa mtoto ambaye bado anataka. Anayejaribu na kuanguka, mpe James: mfundishe mpaka aone mwenyewe kiasi kimepanda. Aliyekwisha kukata tamaa atautumia kujifungia mlango.

Maneno ukutani

Hapa sitakaa sana. Mwaka 1986 jimbo la California, Marekani, liliunda kikosi kazi cha serikali cha kukuza kujithamini, kikisukumwa na mbunge wa jimbo hilo, John Vasconcellos. Matumaini yalikuwa makubwa: watu wakijithamini, uhalifu utapungua, mimba za utotoni zitapungua, kufeli kutapungua. Ripoti ilitoka 1990. Lakini kwenye kitabu cha wataalamu kilichotangulia, mwaka 1989, mmoja wa wahariri wake, Neil Smelser, alikwisha kukiri kwamba uhusiano kati ya kujithamini na mambo hayo umekuwa mdogo kiasi cha kukatisha tamaa. Hilo halikuzuia semina na mabango.

Kisha mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck wakachapisha majaribio kwa watoto wa darasa la tano. Baada ya maswali mepesi, baadhi waliambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamefanya bidii. Yakaja maswali magumu. Wale "wenye akili" walipendelea kazi rahisi, wakashuka waliporudi kwenye maswali ya kiwango cha mwanzo, na wengi zaidi miongoni mwao walidanganya walipoulizwa wamepata ngapi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wa pwani, kutoka Lindi hadi Mikindani, methali hiyo wanaijua kwa minazi yake. Sisi huwa tunaisema kwa ajili ya kiburi cha mgema. Watoto wale walinifanya niisome upya: labda mgema naye aliogopa kwamba kesho tembo lisipokuwa tamu vile atapokonywa jina.

Sifa ya bure ni kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo. Mnunuzi anakuja nyumbani usiku na bakuli lake, analipa papo hapo, mkulima anafurahi, na hasara anaigundua siku ya mnada. Hata hivyo sisemi mwalimu wa Kiingereza anyamaze. Wiki za kwanza za Januari, kwa mtoto ambaye hajafungua mdomo kabisa, neno jema ni kama chumvi: kidogo, na juu ya chakula kilichopo.

Bei na hadhi

Mwalimu wa Uraia hakumtaja Kant, lakini alikuwa anamsemea. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1785 aliandika kwamba kila kitu kina bei au kina hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile. Kilicho juu ya bei zote, kisicho na mbadala, hicho kina hadhi.

Sijui mahali pazuri pa kulielewa hilo kuliko ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima mwezi Oktoba. Gunia linashushwa, sampuli inachotwa, korosho zinapasuliwa mbele ya macho, zinatiwa daraja la kwanza au la pili, zinasubiri mnada. Kilo ya Newala inaweza kuchukua nafasi ya kilo ya Tandahimba ya daraja hilohilo na hakuna atakayelia. Hiyo ndiyo bei, na kwa korosho ni haki kabisa. Mkulima mwenyewe anapigania mizani isome sawasawa.

Sasa rudi chini ya mwembe. Nilichukua utaratibu wa ghalani nikauhamishia kwa watoto: nikachota, nikapasua, nikapanga madaraja, nikatangaza kwa sauti. Tofauti ni kwamba korosho hazisikii.

Kwa Kant, hadhi ya mtoto haipandi akipata A wala haishuki akipata F. Mwalimu hawezi kuitoa. Anachoweza ni kuikanyaga tu. Na Kant anamdai hata mwenye hadhi mwenyewe: mwaka 1797 aliandika kwamba anayejifanya mdudu asilalamike akikanyagwa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipenda, kisha nikaikasirikia. Mimi nilipokuwa sekondari tulivishwa kibao shingoni tukikamatwa tunaongea Kiswahili. Unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Nilikivaa siku mbili mfululizo kwa sababu sikutaka kumchongea rafiki yangu, na siku ya tatu nikamchongea. Nani alijifanya mdudu pale? Kant anawafaa watu wazima. Kwa mtoto, dai hilo lianze kwa waliomshikia kibao.

Kilichotufungua kikaoni ni mwanafalsafa wa karibu zaidi na siku zetu, Stephen Darwall, ambaye mwaka 1977 alitenganisha heshima mbili. Kuna heshima ya kutambua: huyu ni mtu, basi yapo mambo siwezi kumfanyia. Na kuna heshima ya kutathmini: huyu amefanya vizuri, namvulia kofia. Ya kwanza wote wanaidai sawa, hata mtoro. Ya pili inapatikana kwa jasho na haigawiwi sawa. Mwalimu wa Uraia alikuwa anaongelea ya kwanza, wa Fizikia ya pili, na walikuwa wameshagombana nusu saa kama watu wanaovutana kanga mbili tofauti.

Mwanafalsafa wa Kimarekani John Rawls, mwaka 1971, alilitoa jambo hili moyoni mwa mtu mmoja akaliweka kwenye mpangilio wa jamii. Alisema kujiheshimu huenda ndicho kitu muhimu kuliko vyote ambavyo jamii inapaswa kuvigawa kwa haki, kwa sababu bila hicho hakuna linaloonekana lina maana ya kufanywa, na hata yenye maana tunakosa nia ya kuyafuata. Kuhusu elimu alisema isipimwe kwa faida ya uchumi tu. Kazi yake ya kumwezesha mtu kufurahia utamaduni wa jamii yake na kushiriki mambo yake, na kwa hivyo kuwa na uhakika wa thamani yake, ni muhimu vilevile, kama si zaidi.

Kushiriki. Hilo ndilo neno. Nina kijana ambaye mapumziko, chini ya mkorosho nyuma ya choo, anawasimulia wenzake jinsi nguruwe pori alivyoingia shambani kwa babu yake. Anachanganya Kimakonde na Kiswahili, anaigiza nguruwe, anamwigiza babu, watu wanashika mbavu. Kengele inalia. Dakika tano baadaye namuuliza swali kwa Kiingereza, anasimama, anatazama sakafu, anakunja kona ya daftari mpaka inakatika. Darasa la saba alikuwa anafundishwa kwa Kiswahili. Januari moja tu imemnyima kushiriki. Rawls asingeuliza huyu ana moyo gani. Angeuliza tumepangaje darasa: nani anaongea, kwa lugha gani, nani anasomwa wa mwisho, na nani anaruhusiwa kucheka. Kanuni za viboko zimeweka ukomo wa viboko vinne. Neno "kilaza" halina ukomo wowote, na mwalimu anaweza kulitumia mara kumi kwa kipindi kimoja.

Pengo la upande huu nalo ni la kweli. Hadhi haikuambii kama insha ni nzuri. Mtoto anaweza kuheshimiwa kwa miaka minne, hakuna aliyemtukana, akatoka hajui kusoma karatasi ya malipo ya korosho za baba yake. Heshima ya namna hiyo ni ile tunayompa mgeni anayeondoka kesho.

Roho kubwa, na unyonge wa kusini

Aristotle, Mgiriki wa kale, alitutangulia karne nyingi. Katika maandishi yake ya maadili, kitabu cha nne, anamweleza mtu mwenye roho kubwa: anajiona anastahili makubwa, na kweli anastahili. Pembeni mwake kuna watu wawili waliokosea kipimo. Mmoja anadai zaidi ya alicho nacho, huyo ni mwenye majivuno. Mwingine anadai pungufu, huyo ni mnyonge. Swali likawa, yupi mbaya zaidi? Wengi wetu tungemtaja mwenye majivuno, maana tumelelewa hivyo. Aristotle anasema unyonge umeenea zaidi na ni mbaya zaidi, kwa sababu mnyonge hujitoa hata kwenye mambo mema akidhani hayamfai.

Nilimwona huyo mnyonge mezani kwangu. Binti wa kidato cha pili, Baiolojia 71, Kemia 66, anakuja kuniambia hataki sayansi. Kwa nini? "Sayansi ni ya wenzetu wa mjini, mwalimu." Alama anazo. Anachokosa ni ruhusa, na ruhusa yenyewe anajinyima mwenyewe.

Sisi wa Mtwara na Lindi unyonge huu tuna historia nao. Utani wa Dar juu ya Mmakonde ni mrefu, na ukirudiwa vya kutosha mtoto anaacha kucheka na kuanza kuuamini. Kila mahafali tunawakumbusha kwamba Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, akawa Rais mwaka 1995. Wanapiga makofi. Kisha wanarudi darasani na kusema yule ni yule. Mfano wa mtu mkubwa haufanyi kazi ya kipimo. Dawa ya Aristotle ni ukweli: nilimwekea yule binti karatasi zake zote mezani, za mihula mitatu, nikamwambia anionyeshe mahali palipoandikwa mjini. Alitafuta kweli, kwa kidole, mstari kwa mstari.

Sitaki umchukue Aristotle mzimamzima. Mtu wake mwenye roho kubwa anatembea polepole, anaongea kwa sauti nzito, anaona haya kupokea fadhila. Huku kwetu, ambako chumvi inaazimwa dirishani na maji yanagawanywa kwa ndoo kiangazi kikikaza, mtu wa hivyo angehama kabla ya wiki kwisha. Na katika picha ile wanawake na watumwa hawakuwa na nafasi. Chukua kipimo, acha mwendo wa kujinata.

Kumbini

Mzee wa Historia alisema kwa utani, lakini ana hoja. Mtoto anatoka kumbini, kwenye kambi ya jando au unyago, na jina jipya, nguo mpya, amepakwa mafuta, ngoma inakesha. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Hakuna karatasi chini ya mwembe. Thamani yake inatokana na kupokewa: wewe sasa ni wetu. Hiyo ndiyo mtu ni watu kwa vitendo, na nakiri kwamba katika siku moja kijiji kinampa mtoto kitu ambacho shule yangu haikumpa kwa mwaka.

Lakini kupokewa kuna masharti. Asiyechezwa anataniwa mpaka anajificha. Wapo wanaotoka wakijiona watu wazima na shule ni ya watoto. Msichana anaweza kurudi na fundisho la kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kisha mwalimu anauliza "mna swali?" na kushangaa kimya. Hajakosa kujithamini. Anafanya alichofundishwa kuwa ni thamani.

Mwalimu Nyerere alijaribu kuupeleka umoja huo shuleni bila masharti hayo. Katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilaumu shule iliyojengwa kwa ajili ya wachache watakaochaguliwa, huku wengi wakiondoka wakijiona wameshindwa. Alitaka kijana anayejiamini kama raia huru na sawa, anayewathamini wenzake na kuthaminiwa nao kwa anachokifanya na siyo kwa anachokipata. Sisi warithi wake tuliifanyaje? Shamba la shule, lililokusudiwa liwe mahali pa usawa, tumeligeuza adhabu ya wachelewaji. Mtoto anajifunza kwamba kazi ya mama yake ni kitu mtu anachofanyishwa akikosea.

Sasa uchague

Usianze kwa kuuliza mwanafalsafa yupi ni bora. Tazama kilichovunjika. Darasa likinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, sifa hazitasaidia. Anza na Kant na Rawls, uzime kicheko. Ukiwa na watoto wenye alama na hawataki kupanda, au wenye majivuno yasiyo na alama, nenda kwa Aristotle. Anayetaka na kushindwa, mpe James na vipindi vya ziada. Mtoto wa mbali anayepanga geto peke yake akijipikia ugali wa jioni, huyo anahitaji kumbi la namna fulani, hata liwe kwaya au timu ya mpira. Mabango ya California nayaweka mwisho, rangi ikibaki.

Ukinilazimisha nichague mmoja wa kuanza naye, ni Kant, kwa sababu moja: ndiye pekee asiyemdai mtoto kitu kabla ya kuanza. Hahitaji bajeti pia. Gharama yake wanailipa walimu, kwa kuweka chini silaha walizozizoea, na usidhani ni gharama ndogo. Mimi neno kilaza lilinitoka tena wiki ya pili.

Tuliyoyafanya ni machache. Majadiliano ya mwanzo wa kipindi wanaanza kwa lugha waliyonayo, ndipo jibu linaandikwa kwa Kiingereza. Kumcheka anayejibu ni kosa la nidhamu, hata kwa mwalimu. Na nafasi hazisomwi tena hadharani. Hapo tulimwazima mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, aliyeandika mwaka 1762 kwamba mwanafunzi wake asilinganishwe kamwe na watoto wengine, hata kwenye mbio. Atalinganishwa na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Ripoti yetu sasa ina safu mbili, alama za muhula uliopita na za muhula huu. Nafasi anaijua mwalimu wa darasa, mzazi akitaka anaambiwa pembeni. Baadhi ya walimu walilalamika kwamba tunaua ushindani, nikawakumbusha kwamba hata Baraza la Mitihani, Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Aliyenibana kweli ni binti wetu wa kwanza wa siku zote. Aliuliza, "Sasa mimi nimekesha ya nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na bado naona ana haki ya kudai heshima ile ya pili. Tulimpa kitabu mstarini, kwa jina lake, na tukasema amepewa kwa kazi ipi.

Juni hii mama wa yule kijana mrefu alikuja ofisini. Shikamoo, marahaba, habari za shamba, mikorosho imeanza kuchanua na salfa, dawa yake ya kupulizia, imechelewa. Nikamwonyesha ripoti. Kiswahili kutoka 28 kwenda 41, Historia kutoka 19 kwenda 33. Hesabu palepale. Nikamweleza safu ya kwanza, nikamweleza safu ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Nimekuelewa, mwalimu. Na amekuwa wa ngapi?"

"Wa 49, mama."

"Kati ya wangapi?"

"Hamsini na watano."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kumbe nyuma yake wapo sita!"